Ratiba halali, rubani halali

 Najua nimepotea kwa muda, na wengine mmeniandikia barua pepe mkiuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa nimebanwa na kazi ya mteja mmoja, kampuni ya mabasi ya usiku ambayo sitaitaja jina, iliyotaka programu ya kupanga zamu za madereva. Kazi yenyewe ilionekana rahisi: orodha ya madereva, orodha ya safari, na kanuni moja ya sheria. Sheria ya trafiki ya Kenya inasema dereva wa gari la abiria asiendeshe zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Niliiandika kanuni hiyo kwa mistari michache tu. Dereva akiwa ndani ya saa 8, kisanduku chake kwenye ratiba kinakuwa cha kijani. Akizidisha kinakuwa chekundu, na mfumo unakataa kuhifadhi.

Siku ya kwanza visanduku vyote vilikuwa kijani. Nikajipongeza. Kisha nikaenda stejini kuketi na dereva mmoja mzee ili nione kama anaisoma ratiba vizuri kwenye simu yake. Aliitazama, akacheka.

"Kijana wangu, hii inasema jana nilipumzika saa 16."

"Ndiyo, mzee. Ulifika Mombasa saa 11 alfajiri, ukaondoka tena saa 3 usiku."

"Nilifika saa 11, sawa. Nikashusha abiria, nikangoja mizigo, nikapeleka gari kuoshwa, nikapeleka kwa fundi wa breki. Nikalala ndani ya basi pale Mwembe Tayari kutoka saa 6 mchana hadi saa 9, na joto la Mombasa unalijua. Hiyo kompyuta yako iliniona nimelala wapi saa 16?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikataka kujua waliotangulia waliiandikaje kanuni kama hii. Watu wa ndege ndio wenye kumbukumbu nzuri, kwa sababu ajali zao huchunguzwa hadi mwisho na ripoti zikachapishwa kila mtu azisome. Nilidhani ningesoma usiku mmoja. Imekuwa wiki tatu.

Hadithi yenyewe inaanzia Marekani, miaka ya 1930. Marubani wa wakati huo walikuwa wakihangaishwa na waajiri waliotaka warushe saa nyingi zaidi kwa malipo kidogo zaidi. Mwaka 1931 wakaunda chama chao, ALPA, wakiongozwa na rubani mwenzao David Behncke. Mwaka 1934 bodi ya kazi ya serikali ikatoa uamuzi nambari 83: rubani asirushe zaidi ya saa 85 kwa mwezi. Mwaka 1938 uamuzi huo ukaingizwa katika sheria ya usafiri wa anga. Na kanuni za miaka hiyo zikaweka kikomo kingine ambacho nilipokisoma nilisimama: saa 8 za kurusha ndege katika kila saa 24. Ni 8 katika 24 zile zile ambazo mimi nilikuwa nimeziandika kwenye programu ya mabasi, zaidi ya miaka 80 baadaye!

Wakati wake, kanuni hiyo ilikuwa ushindi mkubwa wa wafanyakazi, na sitaki kuidharau. Lakini angalia inahesabu nini. Inahesabu muda ambao ndege iko kazini. Rubani akikaa uwanjani saa 6 akingoja ukungu uondoke, hesabu ni sufuri. Akiamka saa 9 usiku ili awahi zamu ya alfajiri, hesabu haijui. Saa hizo zilichaguliwa kwa kuwa tayari zilikuwa zinaandikwa kwenye daftari la safari. Sisi tunaoandika programu tunaijua dhambi hii vizuri: unapima kile ambacho hifadhidata inacho tayari, halafu unakipa jina la kile ulichotaka kupima.

Ndege zikabadilika. Mwishoni mwa miaka ya 1950 zikaja za jeti, zikaweza kumvusha mtu bahari nzima na kumshusha mahali ambapo ni mchana huku mwili wake ukisema ni usiku wa manane. Kanuni ikabaki ile ile. Mwaka 1985 Marekani waliigusa kidogo kuhusu mapumziko, lakini hata hapo yaliweza kupunguzwa hadi saa 8, na ndani ya hizo 8 kulikuwa na kungoja gari, kwenda hotelini, kula, kuoga na kurudi. Ukitoa hayo, usingizi ulikuwa saa 5, labda 6.

Uingereza walishtuka mapema zaidi. Mwaka 1973 kamati iliyoongozwa na Douglas Bader, yule rubani wa Vita vya Pili vya Dunia aliyekuwa na miguu ya bandia, ilitoa mapendekezo yake, na mwaka 1975 kikatoka kitabu cha kanuni kinachoitwa CAP 371. Ndani yake mna jedwali. Unatazama rubani anaanza zamu saa ngapi, unatazama atafanya safari ngapi siku hiyo, na pale mstari unapokutana na safu unapata urefu wa zamu inayoruhusiwa. Zamu inayoanza usiku ni fupi. Kila safari ya ziada inakata muda. Nilipoliona nilijiambia: hii ni safu na mistari tu, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuiandika kwa dakika 10. Shikilia jedwali hilo akilini, tutalirudia.

Sasa twende Guantanamo. Tarehe 18 Agosti 1993 ndege ya mizigo aina ya DC-8 ilitoka Norfolk, Virginia, kuelekea kambi ya jeshi la wanamaji la Marekani iliyoko Guantanamo Bay, Cuba. Ndani walikuwamo watu watatu: nahodha, rubani msaidizi na mhandisi wa ndege. Walikuwa wamefanya kazi usiku kucha na kufika Atlanta asubuhi wakidhani wamemaliza. Wakapigiwa simu kwamba kuna safari nyingine.

Kutua Guantanamo kutoka upande wa magharibi ni kugumu kwa sababu uzio wa mpaka na Cuba uko karibu sana na mwanzo wa njia ya kutua. Rubani hana budi kukata kona kali kabla ya uzio. Nahodha alikuwa amepanga kutua kutoka upande ule mwingine ulio rahisi, kisha dakika za mwisho akabadili mawazo. Kulikuwa na taa ya kumulika iliyowekwa kuonyesha mpaka, na mnara ulipomtajia taa hiyo, akili yake yote ikaenda kuitafuta. Taa haikuwa ikiwaka siku hiyo, lakini hakuna aliyemwambia. Kinasa sauti kilirekodi akiuliza iko wapi, tena na tena, huku wenzake wakimwonya kwamba mwendo unapungua. Ndege ililala upande ikaanguka kabla ya kufika njia ya kutua, saa 10 na dakika 56 jioni, jua linawaka. Wote watatu walitolewa hai wakiwa na majeraha mabaya, na ndiyo maana tunajua mengi kuliko kawaida. Nahodha aliwaeleza wachunguzi kwamba alijisikia mzito na asiyejali, na kwamba hakukumbuka hata kuutafuta uwanja.

Wachunguzi wa bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, walifanya jambo ambalo lilikuwa geni. Wakisaidiwa na wataalamu wa usingizi wa NASA, waliandika saa za kulala na kuamka za kila mmoja kwa siku zilizotangulia. Nahodha alikuwa macho kwa saa 23 na nusu. Mhandisi saa 21. Rubani msaidizi saa 19. Mwaka 1994 bodi ikatoa ripoti, na kwa mara ya kwanza katika ajali kubwa ya shirika la ndege, chanzo kilichoandikwa kilikuwa uchovu wa marubani.

Na je, walivunja sheria? Hapana. Baada ya Guantanamo walipangiwa kurudisha ndege tupu hadi Atlanta, na safari ya ndege tupu haikuhesabiwa katika kikomo cha saa. Jumla wangekuwa kazini kama saa 24. Ratiba ilikuwa halali kabisa. Kiswahili chetu kina ukorofi wake hapa, kwa sababu nahodha naye alikuwa halali.

Mtu angedhani baada ya ripoti kama hiyo mambo yangebadilika haraka. Sayansi ilikuwepo. Mwaka huo huo wa 1994 NASA walichapisha utafiti wa safari ndefu za kuvuka Pasifiki, ambapo marubani waliopewa nafasi ya kulala dakika 40 kwa zamu walilala wastani wa dakika 26 na kuamka wakiwa makini zaidi. Wale wasiopewa nafasi walikuwa wakisinzia sekunde chache chache bila kujijua, hata wakati wa kushuka. Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid wakaonyesha katika jarida la Nature kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Akifikisha saa 24 ni kama asilimia 0.10. Hakuna shirika ambalo lingempandisha rubani mlevi ndegeni. Kwa uchovu, alitakiwa tu aonyeshe kwamba daftari lake linakubali.

Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilitoa pendekezo la kanuni mpya mwaka 1995: zamu isizidi saa 14, mapumziko yasipungue saa 10. Maoni yakamiminika zaidi ya 2,000. Mashirika yalilia gharama. Vyama vya marubani navyo vilikuwa na malalamiko yao, kwa sababu saa za kurusha zingepanda kutoka 8 hadi 10. Pendekezo likawekwa kabatini. Likakaa. Mwaka 1999 ndege ya American Airlines ikateleza nje ya njia katika dhoruba huko Little Rock, watu 11 wakafa, na uchovu ukatajwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2004 ndege ndogo ikaanguka Kirksville, Missouri, marubani wakiwa katika safari ya sita ya siku hiyo, wakafa watu 13. Pendekezo bado liko kabatini. Lilikuja kuondolewa rasmi Novemba 2009, baada ya miaka 14, bila kuwahi kuwa kanuni.

Tarehe 12 Februari mwaka huo wa 2009, saa 4 na dakika 17 usiku, ndege ya Colgan Air safari nambari 3407 kutoka Newark ilianguka juu ya nyumba huko Clarence Center, karibu na Buffalo. Wote 49 waliokuwamo walikufa, pamoja na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Mwendo wa ndege ulipungua mno, usukani ukaanza kutetemeka kama ulivyoundwa kumwonya rubani, na nahodha akauvuta badala ya kuuachia mbele.

Hapa ndipo nilipoganda mbele ya skrini. Wachunguzi walitaka kujua nahodha alilala wapi usiku wa kuamkia ajali. Hakuwa na chumba Newark, maana aliishi Florida. Wangejuaje? Walitazama kumbukumbu za mfumo wa kupanga zamu za wafanyakazi, programu ya aina ile ile ninayoandika mimi. Saa 9 na dakika 10 usiku, jina lake lilikuwa limeingia kwenye mfumo. Alikuwa akilala kwenye chumba cha wafanyakazi pale uwanjani, jambo ambalo kampuni ilikataza. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle, akidandia ndege za mizigo kupitia Memphis, akafika Newark alfajiri. Kati ya marubani 137 wa kampuni hiyo waliopangiwa Newark, 93 walikuwa wakisafiri kutoka mbali kuja kazini. Mfumo ulikuwa na ushahidi wote huo, na kwa upande wake zamu ile ilikuwa sawa. Hakuna aliyekuwa ameuagiza uulize.

Bodi ilibishana. Mwenyekiti Deborah Hersman alitaka uchovu uandikwe kuwa mojawapo ya sababu zilizochangia. Wenzake walikubali kwamba huenda marubani walichoka, ila walisema haiwezekani kupima kiasi gani. Uchovu hauachi alama kwenye mwili kama pombe.

Miongoni mwa abiria alikuwa Alison Des Forges. Wasomaji wa Rwanda na Burundi hawahitaji kuambiwa ni nani. Ni mwanahistoria wa Human Rights Watch aliyepiga kelele mwaka 1994 wakati dunia haikutaka kusikia, akaandika kitabu kikubwa kuhusu mauaji ya kimbari, kisha akaja Arusha mara nyingi kutoa ushahidi wa kitaalamu katika mahakama ya kimataifa. Alikuwa anarudi nyumbani Buffalo. Nimewahi kusoma kurasa zake, na sikujua alikufa hivi.

Kilichovunja ukimya wa miaka 14 ni familia za watu hao 50. Hawakuwa wataalamu wa anga. Walipanda kwenda Washington safari baada ya safari, wakakaa katika kila kikao, wakawafuata wabunge kwenye korido. Agosti 2010 Rais Obama akatia sahihi sheria iliyoilazimisha FAA kuandika kanuni ya uchovu. Desemba 2011 kanuni ikatoka, na Januari 2014 ikaanza kutumika. Nimeisoma. Kiini chake ni jedwali! Zamu ikianza kati ya saa 6 usiku na saa 10 alfajiri, ni saa 9 tu. Ikianza kati ya saa 1 asubuhi na saa 6 mchana, inaweza kufika 14, na inapungua kadiri safari za siku zinavyoongezeka. Mapumziko ni saa 10, na ndani yake lazima ipatikane nafasi ya saa 8 za usingizi bila kukatizwa. Kwa ufupi, ni mawazo ya Bader na wenzake, miaka 39 baada ya CAP 371.

Lakini marubani wa mizigo waliachwa nje. FAA ilipiga hesabu ikaona gharama kwa mashirika ya mizigo inazidi faida, na faida katika hesabu hizo ni thamani ya maisha yatakayookolewa. Ndege ya mizigo ina watu wawili au watatu. Ya abiria ina 150. Ukiiweka hivyo kwenye lahajedwali, jibu linatoka lenyewe, ingawa ajali iliyoanzisha mjadala mzima, ile ya Guantanamo, ilikuwa ya mizigo. Marubani wa UPS walikwenda mahakamani mara moja. Tarehe 14 Agosti 2013, saa 10 na dakika 47 alfajiri, Airbus ya UPS ikagonga kilima ikikaribia Birmingham, Alabama, na marubani wake wawili wakafa. Kinasa sauti kilikuwa kimewarekodi kabla ya kuruka wakizungumzia kanuni hiyo hiyo, wakishangaa kwa nini wao wametengwa. Bodi ilisema rubani msaidizi alikuwa amechoka kwa sababu hakutumia vizuri muda wake wa kupumzika. Kesi ya chama chao ilishindwa mwaka 2016, na hadi ninapoandika, mizigo bado iko nje.

Msidhani ni mambo ya Marekani peke yake. Mei 2010 ndege ya Air India Express kutoka Dubai ilipita mwisho wa njia ya kutua huko Mangalore na kuua watu 158, na kinasa sauti kilikuwa kimejaa mkoromo wa nahodha, aliyeamshwa muda mfupi kabla ya kushuka. Agosti 2022, hapa jirani, ndege ya Ethiopian kutoka Khartoum ilipita juu ya Addis Ababa ikiwa bado futi 37,000. Habari zilizotoka zilisema marubani wote wawili walilala, wakaamshwa na kengele ya mtambo wa kujiendesha ulipozima. Walizunguka wakatua salama. Januari 2024 huko Indonesia wawili walilala dakika 28, na ripoti ilieleza kwamba mmoja wao alikuwa na mapacha wa mwezi mmoja nyumbani. Hilo nalo haliko kwenye jedwali lolote. Na India, iliyochukua kanuni kali zaidi, iliona kilichotokea Desemba 2025: shirika kubwa kuliko yote, IndiGo, halikuwa na marubani wa kutosha kwa kanuni mpya, likafuta maelfu ya safari, na serikali ikailegeza kanuni kwa muda.

Basi, nikarudi kwenye programu yangu. Niliandika jedwali dogo la saa ya kuanza zamu, nikaongeza sehemu ambapo dereva anajaza mwenyewe aliamka saa ngapi na alilala wapi. Mzee wangu ndiye wa kwanza kulijaza, tena kwa furaha. Niliipitisha ratiba ya wiki iliyopita kwenye kanuni mpya, na karibu nusu ya visanduku vikawa vyekundu.

Meneja aliitazama kwa dakika nzima. Hakukasirika. Aliniuliza kama rangi hizo zinaweza kuzimwa wakati wa sikukuu, watu wanapokwenda nyumbani na mabasi yanajaa. Nikamwambia zinaweza, ni kubadili neno moja tu kwenye faili ya mipangilio, lakini mimi sitalibadili. Akasema atazungumza na wenye kampuni.

Toleo jipya liko kwenye seva ya majaribio. Wao bado wanatumia lile la kwanza.